Yadi 2 za Pasadena: Je, Pete Carroll alikosea usiku wa Rose Bowl ya 2006?

#1 – Mwanzisha uzi

Wadau wa michezo, salaam.

Kila ifikapo Januari, mechi za futiboli ya Kimarekani (American football) za vyuo vikuu zinapofikia kilele, mjadala uleule hurudi miongoni mwa wanaoufuatilia mchezo huu: je, Pete Carroll, aliyekuwa kocha wa chuo kikuu cha Southern California (USC), aliutupa ubingwa kwa mikono yake mwenyewe pale alipokataa mpira usipigwe mbali, zikiwa zimesalia dakika 2 na sekunde chache katika Rose Bowl ya 2006, fainali dhidi ya chuo kikuu cha Texas? Nimeisikia hoja hiyo mara nyingi na kuipinga mara nyingi vilevile, kwa hiyo nimeona heri niiandike yote mahali pamoja. Msimamo wangu nautanguliza ili asiwepo wa kunitafuta: uamuzi ulikuwa sahihi, na kosa lilikuwa kwingine.

Kwa wale waliokulia kwenye soka kama mimi, kanuni moja lazima ieleweke kwanza. Miaka hiyo nilikuwa Houston, nikifanya kazi ya zamu ya usiku katika kituo cha mafuta, na aliyenifundisha mchezo huu ni mzee mmoja mstaafu aliyekuwa akija kununua kahawa. Alipanga pakiti 10 za jojo juu ya kaunta na kuniambia kwamba kila pakiti ni yadi 1, yaani pungufu kidogo ya mita 1. Timu hupewa majaribio 4 ya kuzivuka pakiti zote 10. Ikifanikiwa, huanza kuhesabiwa upya. Ikishindwa, wapinzani huuchukua mpira papo hapo ulipoishia. Ndiyo maana jaribio la nne hutia hofu, na timu nyingi huona afadhali mpira upigwe kwa mguu uende mbali ili wapinzani waanzie kwao. Mpira ukiingizwa katika eneo la mwisho la wapinzani ni tachidauni, pointi 6, na baada yake unachagua mkwaju wa pointi 1 au jaribio moja la pointi 2. Mkwaju wa kupitisha mpira kati ya nguzo bila tachidauni ni pointi 3. Hayo yanatosha kwa uzi huu.

Kuhusu jina, "bowl" ni bakuli tu, na uwanja wa Pasadena, uliojengwa 1922, una umbo hilohilo. Mechi yenyewe ni kongwe kuliko uwanja. Ya kwanza ilichezwa 1902, Michigan wakawafunga Stanford 49–0, na kipigo hicho kiliwachosha waandaaji wa tamasha la maua la Pasadena, ambao ndio walioiandaa mechi, kiasi kwamba kwa miaka mingi waliuacha mpira na kuweka burudani nyingine, yakiwemo mashindano ya magari ya kukokotwa na farasi, hadi 1916 mpira uliporudishwa. Baadaye miji mingine nayo ikaanzisha mabakuli yake: Orange, Sugar, Fiesta na mengineyo. Tangu 1998 kulikuwa na utaratibu wa kuchanganya kura na hesabu za kompyuta ili kuzipata timu 2 bora nchini, na mechi ya ubingwa ilizungushwa kati ya mabakuli makubwa. Mwaka 2006 zamu ilikuwa ya Rose Bowl.

Jumatano, tarehe 4 Januari 2006. USC walifika wakiwa wameshinda mechi 34 mfululizo. Walikuwa na wachezaji 2 wenye tuzo ya Heisman, inayotolewa kwa mchezaji bora wa vyuo nchini: Matt Leinart, kwotabeki, yaani mwongoza mashambulizi, aliyeipata 2004, na mkimbiaji Reggie Bush, aliyeipata 2005. Msimu uliotangulia walikuwa wamewaangamiza Oklahoma 55–19 katika fainali. Kabla hata mpira haujaanza, televisheni zilikuwa zikiwalinganisha na timu kubwa za historia, kana kwamba Texas walialikwa kushuhudia sherehe ya wenzao. Isitoshe, USC wako Los Angeles, jirani na Pasadena.

Texas nao walikuwa na ushindi 19 mfululizo, na fainali ya kanda yao waliimaliza kwa kuwafunga Colorado 70–3. Kwotabeki wao alikuwa Vince Young, kijana wa Houston, aliyekuwa wa pili nyuma ya Bush katika kura za Heisman na ambaye hakuficha kwamba jambo hilo lilimuuma. Alikuwa akiufahamu vyema uwanja ule: mwaka mmoja kabla, palepale, alikimbia na kufunga tachidauni 4 Texas walipowashinda Michigan 38–37.

Nitapita haraka kwenye nusu ya kwanza, ingawa ilikuwa na visa vyake. USC walitangulia 7–0. Bush alikimbia vizuri, kisha badala ya kuanguka na mpira aliurusha pembeni kwa mwenzake ambaye hakuutarajia, na Texas wakauokota. Upuuzi wa aina hiyo humpata mtu aliyezoea kila kitu kumnyookea. Leinart naye aliurusha mpira katika eneo la mwisho, na Michael Griffin wa Texas akaunasa. Hadi mapumziko Texas waliongoza 16–10.

Nusu ya pili timu ziliacha kuzuiana. LenDale White, mkimbiaji mzito wa USC, alifunga mara 2 katika robo ya tatu, na katikati yake Young akafunga mara 1. Robo ya nne Bush alikimbia yadi 26 na kujirusha hewani kuingia eneo la mwisho. Zikiwa zimesalia dakika 6 na sekunde 42, Leinart alimtupia Dwayne Jarrett mpira wa yadi 22, ubao ukasoma 38–26. Pale kituoni wateja 2 waliovaa rangi ya chungwa iliyoungua, rangi ya Texas, walilipia mafuta yao na kuondoka bila kusema neno.

Young alihitaji chini ya dakika 3. Zilipobaki dakika 4 na sekunde 3 alikimbia yadi 17 na kufunga: 38–33. USC wakaupokea mpira wakijua kwamba wakivuka pakiti chache za jojo, saa itawamalizia kazi. Walifika yadi ya 45 upande wa Texas, yaani yadi 45 kutoka eneo la mwisho la Texas. Jaribio la nne, zimebaki yadi 2. Wakaamua kuzitafuta badala ya kuupiga mpira mbali. Mpira akapewa White, Michael Huff na wenzake wakajazana katikati, na White akaanguka kabla ya kuzimaliza yadi hizo.

Texas walianza safari ya yadi 56 wakiwa na dakika 2 na kidogo. Ilipofika jaribio la nne, yadi 5, wakiwa yadi ya 8 na sekunde 26 kwenye saa, Young aliupokea mpira, akatazama wa kumtupia, hakumwona, akakimbilia kulia hadi kwenye kona ya eneo la mwisho bila kuguswa. Sekunde 19. Akaingia tena mwenyewe kwa zile pointi 2. Texas 41, USC 38. USC hawakupata kufunga tena.

Sasa nirudi kwenye yadi 2.

Wanaomlaumu Carroll husema kwamba mpira ungepigwa mbali, Texas wangeanzia karibu na mstari wao na kutakiwa kuvuka uwanja karibu wote kwa dakika 2. Hoja hiyo huwa inachukulia kwamba umbali ndio uliokuwa tatizo la Young. Usiku ule Young alirusha mipira 40, 30 ikafika, kwa yadi 267, kisha akakimbia yadi 200 kwa miguu yake mwenyewe na kufunga tachidauni 3. Mtu wa namna hiyo hapewi mpira kwa hiari yako. Mpira wa kupigwa kutoka yadi ya 45 mara nyingi huingia hadi eneo la mwisho na kurudishwa kwenye yadi ya 20, kwa hiyo unachonunua ni yadi 25 hivi, na unalipa kwa kumkabidhi mpira mtu pekee uwanjani ambaye umeshindwa kumzuia. Kwa upande wa pili, yadi 2 zikipatikana, mechi imekwisha. Timu yenye washindi 2 wa Heisman na ukuta wa mbele uliokuwa ukimfungulia White njia usiku kucha isipoweza kuamini kwamba itapata yadi 2, itaamini nini?

Naomba hoja zenu.

#2

Mkuu, asante kwa uchambuzi. Mimi ni mgeni wa mchezo huu na nina swali moja. Umesema kosa lilikuwa kwingine, lakini umemaliza maelezo bila kulitaja. Je, ni ulinzi wao kumwachia Young kona, au kuna jingine?

#3 – Mwanzisha uzi

Ndugu, nililihifadhi makusudi ili nione nani ataliuliza kwanza.

Katika jaribio lile la nne, Reggie Bush hakuwa uwanjani. Alikuwa amesimama pembeni, kofia kichwani, akitazama kama mimi na wewe. Mtu aliyetoka kutunukiwa Heisman wiki chache kabla, ambaye msimu uleule dhidi ya Fresno State alikusanya yadi 513 katika mechi moja, aliachwa nje katika mchezo uliobeba msimu mzima.

Tusichanganye mambo: mpira kumpa White halikuwa kosa, kwa sababu ndiye aliyekuwa na mwili wa kusukuma, na alimaliza mechi na yadi 124 na tachidauni 3. Kosa ni kwamba bila Bush hapakuwa na wa kuwatia shaka walinzi wa Texas. Bush angesimama ubavuni tu, pasipo kugusa mpira, walinzi 1 au 2 wangelazimika kumfuata kwa macho na kwa miguu, na katikati pangepungua mwili mmoja. Katika yadi 2, mwili mmoja ndio tofauti yote. Yule mzee wangu alilieleza kwa namna yake: alichukua pakiti zote zilizobaki kwenye kisanduku, akazirundika katikati ya kaunta, akasema, "Hivi ndivyo Texas walivyosimama, kwa sababu hawakuwa na mtu mwingine wa kumwogopa."

#4

Kwa heshima zote, mwanzisha uzi, naona unamtetea kocha kupita kiasi, na hoja yako ya yadi 25 ina tundu.

Kwanza, USC walikuwa mbele kwa pointi 5. Mkwaju wa pointi 3 usingewasaidia Texas chochote. Ilikuwa lazima wafunge tachidauni. Katika hali hiyo kila yadi ina thamani, kwa sababu Texas wasingeweza kuridhika na kufika karibu. Wamefunga zikiwa zimebaki sekunde 19. Waongezee yadi 25, muda ungewaishia njiani.

Pili, katika safari ile ya mwisho Texas waliokolewa na adhabu. Walikuwa kwenye jaribio la tatu, yadi 12, Young akamtupia Quan Cosby mpira mfupi usiofika mstari, lakini Darnell Bing wa USC akamshika Cosby kwenye kinga ya uso na Texas wakazawadiwa yadi 15. Bila kosa hilo wangekuwa kwenye jaribio la nne wakiwa bado upande wao wa uwanja au karibu na katikati.

Tatu, hujagusa goti. Katika robo ya pili, Young alimrushia Selvin Young mpira wa pembeni uliozaa tachidauni ya kwanza ya Texas, na picha za marudio zilionyesha wazi kwamba goti la Vince Young lilikuwa limeshagusa chini kabla ya kuuachia. Waamuzi hawakuipitia picha. Mechi iliamuliwa kwa pointi 3, na hapo zilipatikana 6 ambazo hazikupaswa kuwapo.

#5 – Mwanzisha uzi

Nashukuru kwa hoja zilizopangika. Nitazijibu nikianza na ya mwisho, kwa kuwa ndiyo nyepesi.

Goti lilikuwa chini, sibishani. Hata hivyo, kama filimbi ingepulizwa, Texas wasingepoteza mpira. Wangeendelea kuwa nao karibu kabisa na eneo la mwisho la USC, wakiwa na nafasi nzuri ya angalau mkwaju wa pointi 3. Na katika tachidauni ile ile walikosa mkwaju wa nyongeza. Kwa hiyo kinachobishaniwa si pointi 6 kwa sifuri, bali ni 6 kwa kile ambacho wangekipata mchezo uliofuata, na hakuna awezaye kukihesabu.

Kuhusu muda, hapa nakupa haki yako kwa sehemu. Ni kweli Texas walihitaji tachidauni, na ni kweli sekunde 19 ni chache. Lakini timu huucheza muda kulingana na umbali ilio nao. Young hakuwa na haraka ya kufa mtu kwa sababu alianzia katikati ya uwanja. Angeanzia yadi ya 20, angerusha mapema zaidi na mbali zaidi. Dakika chache kabla, safari yake ya tachidauni ilikuwa imechukua dakika 2 na sekunde 39 tu. Hatuwezi kumwongezea yadi halafu tukamwekea mwendo uleule.

Hoja ya Bing ndiyo iliyonikaa. Ukweli ni kwamba ulinzi wa USC uliwahi kuipata nafasi ya kumaliza kazi na ukaiharibu wenyewe. Ila naona inanisaidia mimi kuliko wewe: ikiwa ulinzi ulikuwa umechoka kiasi cha kushika kinga za uso, kocha alikuwa na sababu gani ya kuukabidhi mechi?

Tena kuna jambo ambalo wanaomlaumu husahau. Tarehe 15 Oktoba 2005, ugenini kwa Notre Dame, USC walikuwa nyuma 31–28, wakiwa yadi 1 kutoka kwenye mstari na sekunde zikihesabika. Wangeweza kupiga mkwaju na kusawazisha. Badala yake walikwenda kwa ushindi. Leinart akajipenyeza, Bush akamsukuma kwa nyuma, na wakashinda 34–31. Siku ile Carroll alisifiwa kwa ujasiri. Bila uamuzi wa aina hiyo, mfululizo wa mechi 34 usingekuwapo na pengine hata fainali ya Pasadena wasingeifika.

#6

Mimi niliitazama mechi hii kwa marudio, na kilichonivutia ni sauti ya mtangazaji. Keith Jackson alikuwa na umri mkubwa na ilikuwa mechi yake ya mwisho kutangaza. Kabla ya lile jaribio la nne la Young alisema kwa utulivu tu kwamba ubingwa wa taifa uko hapa hapa, kisha akaacha mpira uzungumze. Watazamaji waliokuwa kwenye televisheni walikuwa zaidi ya milioni 35, na yeye alizungumza kama anayemhadithia jirani. Watangazaji wetu wa siku hizi wangepayuka mpaka wapoteze sauti.

Swali langu ni dogo: ni kweli kwamba USC walifutiwa msimu ule na Bush akanyang'anywa tuzo?

#7 – Mwanzisha uzi

Ni kweli, ndugu. Uchunguzi ulibaini kwamba Bush na familia yake walipokea fedha na fadhila wakati akiwa bado mwanafunzi, jambo lililokatazwa, na mwaka 2010 USC waliadhibiwa kwa kufutiwa ushindi wao wa msimu wa 2005. Mwaka huohuo Bush alitangaza kuiachia Heisman. Tangu 2021 wachezaji wa vyuo wameruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na Aprili 2024 tuzo ilirudishwa kwake. Binafsi naona ilichelewa, kwani vyuo vilikuwa vikivuna mamilioni kwa miguu ya vijana hao muda wote huo.

Kuna jambo jingine la kuchekesha kidogo. Miezi michache baada ya mechi, timu za kulipwa zilipochagua wachezaji, Houston Texans walikuwa na nafasi ya kwanza na wakampita Young, mtoto wa mji wao, wakamchukua Mario Williams. Bush alikwenda New Orleans akiwa wa pili, Young akaenda Tennessee akiwa wa tatu, na Tennessee haohao katika duru ya pili wakamchukua LenDale White. Young na White, waliokuwa pande mbili za mechi ile, wakawa wanavalia chumba kimoja. Pale kituoni, asubuhi ya baada ya uchaguzi ule, yule mzee alikataa kahawa.

#8

Naongezea lililosahaulika. Tarehe 1 Februari 2015, Pete Carroll huyohuyo, akiwa kocha wa Seattle katika Super Bowl, fainali ya timu za kulipwa, alifika yadi 1 kutoka kwenye mstari, akiwa nyuma 28–24 na saa ikiyoyoma. Alikuwa na Marshawn Lynch, mkimbiaji mwenye nguvu kuliko hata White. Mpira ukarushwa, Malcolm Butler wa New England akaunasa, mechi ikaisha. Huyu ni kocha asiyejifunza.

#9 – Mwanzisha uzi

Mkuu, hebu uisome tena hoja yako. Mwaka 2006 alimpa mpira mkimbiaji mwenye nguvu katikati, akalaumiwa. Mwaka 2015 hakumpa mkimbiaji mwenye nguvu katikati, akalaumiwa. Kama hakujifunza, basi alibadilika kwa bahati mbaya. Super Bowl ile inastahili uzi wake na sitaki kuuharibu huu, ila nitasema tu kwamba 2015 Lynch alikuwa uwanjani, na walinzi wa New England walijipanga kwa ajili yake, jambo ambalo Texas hawakulazimika kulifanya kwa Bush.

Kwa yule ndugu mgeni wa #2, aliyeniandikia faragha akiuliza aitazame kuanzia wapi: kama huna saa 4 za kukaa, anzia robo ya nne, saa ya uwanja ikisoma dakika 6 na sekunde 42, Jarrett akiwa ametoka kufunga. Panga pakiti 10 za jojo mezani kama huna uzoefu wa kuhesabu. Ikifika ile yadi ya 45, kabla mpira haujarushwa nyuma kwa Leinart, simamisha picha, uache kumtazama White, umtafute namba 5 wa USC. Utampata nje ya mstari mweupe.